Bustani ya Nyumbani: Kabla ya Kushika Jembe, Tazama Mzizi

Juma lililopita safu hii ilipokea barua kutoka kwa mama mmoja mkazi wa Temeke, Dar es Salaam. Mumewe ni mfanyakazi wa kiwandani, nao wana watoto wanne. Mbele ya nyumba yao wamepanda ukoka ili watoto wapate mahali pa kuchezea pasipo vumbi, na ubavuni mwa nyumba wanayo matuta matatu ya mchicha, ambayo huwapatia mboga ya siku tatu au nne katika kila juma. Tangu mvua za masika zilipokolea, anasema, nyasi nyingine imeuvamia ukoka huo, nayo imetambaa hadi kwenye matuta. Ameing'oa mara mbili, nayo imerudi mara mbili. Sasa mumewe amechoka. Ataka kununua dawa ya magugu kwa jamaa mmoja auzaye dawa hiyo kwa kupima katika chupa za soda, ainyunyize uani kote kwa siku moja, shauri liishe. Mama anauliza: je, amwache afanye hivyo?

Ndani ya bahasha alitia suke moja la nyasi hiyo, lililokauka na kubanwa vizuri katika kipande cha gazeti. Lina vidole vitano vyembamba, virefu kidogo kuliko kidole changu cha shahada. Alilikata kwa mkasi, na mkato wake ni safi. Tatizo ni kwamba alilikata juu ya udongo. Mzizi hakuuleta, na jibu la swali lake limo katika mzizi.

Hapana shaka wasomaji wengi watasema kuwa nyasi ni nyasi, ang'oe tu, atupe. Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo! Lipo gugu ambalo ukiling'oa limekufa, na lipo gugu ambalo ukiling'oa umelizalisha. Kwa sura, magugu haya mawili yaweza kufanana kama ndugu wa tumbo moja. Asiyejua kuyatenganisha atapoteza jasho lake, na pengine atapoteza mboga ya watoto wake.

Wala tusidhani kuwa tuta la mchicha katika nyumba ya mfanyakazi ni pambo. Wazee walioshiriki Kilimo cha Kufa na Kupona mwaka 1974 na 1975, wakati wakazi wa mijini nao walipohimizwa kulima vipande vya ardhi vilivyokuwa wazi, wanaijua thamani ya mboga inayochumwa hatua kumi kutoka jikoni. Fedha isiyokwenda sokoni kununua fungu la mboga ndiyo inayonunua daftari, sabuni na mafuta ya taa. Kwa hiyo barua ya mama wa Temeke haihusu uzuri wa ua peke yake. Inahusu chakula, na kwa sababu ya zile chupa za soda, inahusu uhai pia.

Nyasi zenye vidole

Suke alilotuletea mama ni la ukoo ambao wataalamu wa mimea wameuita Digitaria, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kidole. Wasemao Kiingereza, kwa upande wao, walipoitazama ikitandaza mashina yake pande zote juu ya ardhi, waliiona kama kaa anayetembea ufukoni, wakaipa jina la mnyama huyo. Sisi katika safu hii tutaziita nyasi za vidole.

Ukoo huu ni mkubwa. Aina zake duniani zinazidi 200, na si zote zilizo adui. Huko Afrika ya Magharibi, katika nchi kama Guinea na Mali, watu wanapanda aina moja iitwayo fonio, wanavuna punje zake ndogo mno, na kuzipika kama sisi tupikavyo mtama. Hata katika Ulaya ya Kati aina nyingine iliwahi kulimwa kwa ajili ya nafaka. Lakini nyasi inayoheshimiwa shambani kwa mwenzako, ikiingia bila kualikwa katika tuta lako la mchicha, haina budi kuitwa gugu.

Taabu ya kwanza ni kwamba nyasi nyingi nyingine nazo zina vidole. Mwaka 1977 mtaalamu wa Marekani, LeRoy Holm, pamoja na wenzake, walichapisha kitabu kikubwa kuhusu magugu mabaya kuliko yote duniani. Wa kwanza katika orodha yao ni ndago. Wa pili ni ukoka, huu huu tunaoupanda kwa mikono yetu mbele ya nyumba! Wa 5 ni ile nyasi ngumu ambayo wengi huiita ulezi mwitu, na nyasi ya vidole ya aina ya Digitaria sanguinalis imeshika nafasi ya 11. Kwa hiyo katika ua mmoja wa Temeke, Ilala au Magomeni, yamkini mtoto wako anacheza juu ya magugu mashuhuri manne au matano, na yote ameyazoea kwa jina moja: majani.

Tuyatenganishe basi, moja baada ya jingine. Msomaji hahitaji chombo chochote isipokuwa macho, vidole vyake mwenyewe na kisu cha jikoni kilichochakaa.

Shina kwanza, kisha vidole

Anza kwa kulishika shina karibu na ardhi na kulizungusha taratibu kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Likikataa kuzunguka kwa ulaini, na ukahisi pembe tatu, hapo huna nyasi hata kidogo. Hiyo ni ndago. Majani yake hung'aa, hutoka katika safu tatu, na maua yake ni ya rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Weka ndago kando, tutaizungumza baadaye.

Shina likiwa bapa, kana kwamba limekanyagwa, na sehemu yake ya chini ikiwa nyeupe, huo ni ulezi mwitu. Vidole vya suke lake ni vinene, na mbegu zimepangwa katika safu mbili zilizobanana kama meno ya zipu. Aghalabu kidole kimoja huota chini kidogo ya wenzake, kama kidole gumba cha mkono. Ni ndugu wa karibu wa ulezi tunaopikia uji, na ndiyo maana anafanana naye. Hupenda ardhi iliyokanyagwa: njiani, mlangoni, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Ukiuvuta utadhani umefungwa kwa minyororo.

Katika mchanga wa pwani yuko mwingine wa kufanana naye, Dactyloctenium. Vidole vyake ni vifupi na vinene, vimetanuka kama nyayo za kunguru, na mwishoni mwa kila kidole kuna ncha tupu isiyo na mbegu, mithili ya ukucha. Ukiuona ukucha, umemtambua.

Ukoka wenyewe una vidole vitatu hadi sita, vyembamba na vifupi, ambavyo vyote hutoka katika nukta moja kama miti ya mwavuli. Vuta jani moja polepole mpaka liachane na shina, kisha tazama pale lilipokuwa limeshikana nalo. Kwenye ukoka utaona duara la vinywele vyeupe.

Nyasi za vidole tunazozitafuta hazina duara hilo. Mahali pale pana kiulimi chembamba, kama kipande cha karatasi ya kitunguu. Vidole vya suke ni vyembamba zaidi kuliko vya ulezi mwitu, na kwa kawaida havitoki vyote katika nukta moja, bali vingine hutangulia chini kidogo ya vingine. Ukikitazama kidole kimoja kwa makini, utaona kuwa mbegu zimekaa mbili mbili, moja ikiwa na kikonyo kirefu na ya pili kikonyo kifupi. Aina mbili zinazoonekana sana katika bustani zetu, Digitaria velutina na Digitaria ciliaris, huwa na vinywele laini kwenye ala ya jani, hata ukiipapasa utahisi kama kitambaa cha mahameli kuukuu. Shina hulala chini, na kila kifundo kinachogusa udongo hutoa mizizi yake.

Nililiweka suke la mama wa Temeke juu ya karatasi nyeupe, nikalitazama kwa kioo cha kukuzia. Mbegu zimekaa mbili mbili, na vidole havikutoka katika nukta moja. Si ukoka, si ulezi mwitu. Ni Digitaria, bila shaka yoyote. Ila ni Digitaria yupi? Yule wa msimu mmoja, au yule wa milele? Hapo ndipo nilipokwama, na ili msomaji aelewe kwa nini sikuthubutu kubahatisha, yanipasa kueleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

"Umenipandia"

Miaka kadhaa iliyopita nilihamishiwa Arusha kuwa mwandishi wa habari za mkoa. Nilipanga vyumba viwili, na nyuma yake palikuwa na kiwanja kidogo kilichoachwa bila kulimwa. Kiwanja hicho kilitenganishwa na cha jirani kwa mfereji mwembamba wa maji ya mvua. Upande wa pili wa mfereji aliishi mama mmoja mjane, aliyekuwa kibarua katika mashamba ya kahawa kwa miaka mingi. Alikuwa na matuta sita ya mnafu na sukuma wiki, na kila alfajiri alipeleka mafungu yake sokoni. Kwa mafungu hayo alimnunulia bintiye sare na madaftari.

Kiwanja changu kilifunikwa na nyasi fupi, nyembamba, zenye vidole. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kidogo habari za kilimo shuleni, nilijiona mtaalamu. Nilikumbuka kuwa nyasi za vidole huishi msimu mmoja tu: mbegu huota, shina hukua, huzaa, hufa. Nikaazima jembe. Jumamosi nzima niliukatakata udongo ule mpaka ukawa laini kama unga, nikazizoa nyasi kwa toroli na kuzimwaga ukingoni mwa mfereji. Jioni nikasimama mlangoni nikijisifu kwa kazi yangu.

Mvua zikanyesha. Baada ya majuma matatu kiwanja kilikuwa cha kijani tena, na safari hii nyasi zilikuwa zimebanana kama zulia. Vile vipande nilivyovimwaga navyo havikukaa pale nilipoviacha. Maji ya mfereji yalikuwa yamevichukua na kuvigawa katika matuta ya jirani.

Asubuhi moja mama yule aliniita kutoka ng'ambo ya mfereji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu vuka, uchuchumae hapa."

Akachimbua kwa ncha ya panga, taratibu, akanyanyua kitu mfano wa uzi wa kushonea viatu. Kilikuwa cheupe, kirefu kuliko mkono wangu, chenye vifundo vingi, na katika karibu kila kifundo palikuwa na chipukizi lililochongoka kama sindano.

"Hii ni sangari," alisema. "Kule kwenye kahawa ilitutoa jasho sana. Wewe uliipiga jembe?"

"Ndiyo, mama."

"Ukaikata vipande?"

"Vipande vidogo vidogo, mama."

Hakunikaripia. Alitazama matuta yake, kisha akanitazama mimi. "Basi hukulima, mwanangu. Ulipanda. Na mimi umenipandia."

Katika msimu ule mama yule alipoteza matuta manne kati ya sita. Mnafu ulidumaa, ukageuka manjano, na mafungu aliyobeba alfajiri yakapungua. Muhula mpya ulipofunguliwa, bintiye alikwenda shule na sare ya mwaka uliotangulia, mikono ikiwa imempita nje ya vishikizo. Mama hakunieleza jambo hilo. Niliona mwenyewe, nikiwa nimesimama mlangoni pale pale nilipojisifu.

Sikuwa na fidia ya kumpa ila mikono yangu. Kwa Jumapili nane nilivuka mfereji, nikachimbua sangari katika matuta yake, naye akinielekeza. Mengi nitakayoyaeleza hapa chini nilifundishwa na mama huyo, nikiwa nimepiga magoti.

Dada wawili, dawa mbili

Sangari, ambayo wataalamu huiita Digitaria abyssinica, na ambayo katika vitabu vya zamani ilijulikana kama Digitaria scalarum, ni nyasi ya vidole kama wenzake. Suke lake laweza kumdanganya hata mwenye diploma. Lakini wakati dada zake wa msimu mmoja wanategemea mbegu, yeye hutegemea mashina yanayosafiri chini ya ardhi. Kila kifundo cha shina hilo chaweza kuwa mmea mpya. Jembe likipita, linamfanyia sangari kazi ile ile aifanyayo mkulima wa mihogo akatapo pingili za kupanda.

Kwa hiyo chimbua. Usivute, chimbua, kwa kina cha kiganja kimoja, kisha tikisa udongo. Ukiona mizizi membamba tu, iliyojikusanya kama nywele chini ya shina, umeshika nyasi ya vidole ya msimu mmoja. Ukiona kamba nyeupe zenye vifundo zikielekea upande, umeshika sangari. Ukiona vinundu vyeusi kama shanga zilizotungwa katika uzi, hiyo ni ndago.

Ikiwa ni ile ya msimu mmoja, shangilia, lakini usilale. Nguvu yake yote imo katika mbegu. Shina moja lililopata nafasi ya kutosha laweza kutoa mbegu zipatazo 150,000, na zile zisizoota mwaka huu hungoja udongoni kwa miaka kadhaa. Kwa sababu hiyo, siku ya kuing'oa ni kabla ya vidole kutokea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika bustani ufa huo una upana wa majuma machache tu baada ya mvua za kwanza, ziwe za vuli au za masika. Pitisha jembe juu juu, kwa kina kisichozidi sentimita tatu, siku ya jua, ukiacha miche ya magugu ikauke hapo hapo. Usigeuze udongo kwa kina, maana utazipandisha juu mbegu zilizolala. Kisha funika nafasi kati ya mistari kwa matandazo ya majani makavu yenye unene wa sentimita tano hadi kumi. Mbegu ndogo iliyonyimwa mwanga haina haraka ya kuota.

Katika ukoka wa mbele ya nyumba, nyasi ya vidole huingia palipo na upara. Watu wengi wanakata ukoka mpaka udongo uonekane, wakidhani ndio usafi. Kisha wanamwagilia maji kidogo kidogo kila jioni. Hayo yote mawili ni karamu kwa nyasi ya vidole. Ukikatwa, ukoka ubakie na urefu wa sentimita nne hivi, ili uutie kivuli udongo. Mwagilia kwa nadra lakini kwa wingi, maji yazame. Na kila unapong'oa gugu, panda papo hapo kipande cha ukoka, kwa sababu shimo uliloliacha wazi litapata mpangaji mwingine kabla ya mwezi kwisha.

Kwa ulezi mwitu, kisu cha jikoni ndicho kiwezacho. Kizamishe ubavuni mwa shina, ukate mizizi, kisha unyanyue. Usisahau kuulainisha udongo uliokanyagwa, au bora zaidi, weka mawe ya kukanyagia pale ambapo watu hupita kila siku. Ulezi mwitu umekuonyesha njia ilipo. Usishindane na njia.

Ikiwa ni sangari, liweke jembe kando, uchukue uma wa kulimia, ule wenye meno. Uma hunyanyua kamba nzima bila kuikata. Fanya kazi hiyo wakati wa kiangazi, udongo ukiwa umekauka kiasi cha kuachana na mizizi. Kusanya kila kipande katika ndoo, hata kile chenye urefu wa ukucha. Usivitupe katika mfereji, wala kando ya ua wa jirani, wala katika shimo la mboji vikiwa vibichi. Vitandaze juu ya bati kwa majuma mawili ya jua kali, mpaka vivunjike kama njiti za kiberiti. Baada ya hapo ndipo viende kwenye mboji. Kisha rudi kila baada ya majuma mawili uchimbue machipukizi mapya, kwani daima kuna yaliyosalia. Mama wa Arusha alimalizia kwa kupanda viazi vitamu katika matuta yale. Sangari haipendi kivuli, na majani ya viazi vitamu yakishafunga tuta, huitesa kuliko uma.

Ndago nayo hufuata njia hiyo hiyo. Anayevuta majani yake peke yake hupumbazika, kwa maana vinundu hubaki chini na kuchipua upya. Chimbua kwa kina cha sentimita 15 hadi 30, anika vinundu mpaka vikauke, kata kila chipukizi mara litokeapo ili kinundu kilichobaki kiishiwe akiba, na utie kivuli.

Wenye sungura au mbuzi wasitupe nyasi za vidole mbichi. Ni chakula kizuri cha mifugo, na hata sangari hulika vizuri. Sharti ni moja: mnyama alishwe kabla mbegu hazijakomaa, na asilishwe kamwe nyasi zilizonyunyiziwa dawa.

Ile chupa ya soda

Sasa tuje kwenye dawa. Safu hii haisemi kuwa dawa za magugu hazina mahali pake. Inasema kwamba mahali pake si katika chupa ya soda. Dawa iliyotolewa katika chombo chake haina jina, haina kipimo, haina maelezo ya tahadhari. Hujui kama ni glaifosati, ambayo huua karibu kila jani bichi inaloligusa, ukiwamo mchicha na ukoka wenyewe, au kama ni parakwati, ambayo fundo moja laweza kumwua mtu mzima, na ambayo hadi leo haina kiuasumu. Juu ya hayo, mtoto mwenye kiu hajui kusoma hatari. Yeye anaijua chupa ya soda.

Hata glaifosati, inayosifiwa na wengi kuwa nafuu, ina mabishano yake. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu, ilhali mamlaka za udhibiti za Ulaya na Marekani zilifikia uamuzi tofauti. Mzazi hahitaji kungoja wataalamu wapatane ndipo aamue kuwa ua wenye ukubwa wa vyumba viwili waweza kusafishwa kwa uma na kisu.

Kwa hiyo, jibu kwa mama wa Temeke ni hili. Dada yetu, mwambie bwana aizuie fedha ya dawa kwa juma moja. Ikiwa chupa imekwisha kununuliwa, isikae jikoni wala chini ya kitanda. Ifungwe mahali ambapo mtoto hafiki, na bwana shamba wa kata aulizwe namna ya kuiondoa. Leo Jumapili, jua likipungua, nendeni wote wawili uani mkiwa na kisu. Chagueni shina moja katika ukoka na shina moja katika mchicha, kwa kuwa si lazima ziwe nyasi za aina moja. Msivute. Chimbueni kwa kina cha kiganja, mtikise udongo, mtazame.

Mkikuta nywele, ng'oeni zote kabla vidole vipya havijakomaa, mwoteshe ukoka katika mapara, mtandaze majani makavu katika matuta; ikiwa zimerudi mara mbili, ni mbegu za mwaka jana, nazo zina mwisho. Mkikuta kamba nyeupe, msiguse jembe. Ngojeni masika yaishe, muazime uma, na mjiandae kwa kazi ya kiangazi kizima. Kabla ya kuanza, mwiteni jirani wa kila upande mwonyeshane kamba hiyo, kwa sababu sangari haijui mipaka ya viwanja, na kipande kimoja kinachoangukia kwake kitakuwa kazi yake ya mwaka ujao.

Watoto nao waje. Mtoto aliyewahi kuhesabu vidole vya suke na kutafuta ukucha wa kunguru hatang'oa mchicha akidhani ni gugu.

Na tafadhali, mama, tuandikie tena. Safari hii tutilie mzizi katika bahasha. Ila uukaushe kwanza juu ya bati, usije ukaota njiani.